Mashine ya msasa ikigoma, mota iwe ya mwisho kushukiwa

Fundi anawasha mashine, mkanda unazunguka vizuri. Anaweka mbao, mkanda unasimama, mota inaendelea kunguruma. Neno la kwanza linalosikika karakanani ni "mota imekwisha". Mara nyingi mota haina kosa lolote. Kosa liko kwenye springi iliyochoka, rola iliyojaa vumbi au skrubu moja iliyolegea, na vitu hivyo hutengenezwa kwa bisibisi na nusu saa ya utulivu.

Hapa nazungumzia mashine ndogo ya msasa ya mezani, yenye mkanda upande mmoja na sahani ya duara upande mwingine, ile ambayo sasa unaikuta kwa maseremala wa Igoma, Buhongwa na Nyakato hapa Mwanza, na hata kwa wanaotengeneza mitumbwi kando ya ziwa. Saizi iliyozoeleka ina mkanda wa inchi 4 kwa 36, yaani milimita 100 kwa 914, na sahani ya inchi 6, milimita 150. Vipimo vingine vipo, ila mambo ni yale yale.

Viungo vyake ni vichache. Kuna mota, na kwenye shafti yake imefungwa sahani moja kwa moja. Shafti hiyo hiyo, au puli yake, inaendesha mkanda mdogo wa mpira ambao unazungusha rola ya nyuma. Rola ya nyuma inavuta mkanda wa msasa, na rola ya mbele inaupokea. Rola ya mbele inasukumwa na springi ili mkanda ukaze, na ina skrubu ya kuuelekeza usikimbilie pembeni. Kati ya rola hizo mbili, nyuma ya mkanda, kuna bamba la chuma ambalo mbao inaegemea. Ukilishika hilo kichwani, uchunguzi wote unakuwa ni kufuata njia ya nguvu kutoka mota hadi kwenye mbao.

Plagi kwanza

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi na uiweke juu ya benchi, mahali unapoiona. Kuzima swichi hakutoshi. Umeme ukikatika ukiwa umeacha swichi imewashwa, halafu TANESCO wakaurudisha wakati kidole chako kiko kati ya mkanda na rola, mashine haitakuuliza. Kama yako ina swichi ya kawaida ya kupandisha na kushusha, mwombe fundi umeme akufungie ile yenye kitufe cha kijani na chekundu ambayo hujizima yenyewe umeme ukikatika na haiwaki tena mpaka ubonyeze. Kwa mji ambao umeme hukatika na kurudi bila taarifa, hiyo si anasa.

Ukishachomoa, vua glavu na kunja mikono mirefu ya shati. Glavu zinalinda mikono kwenye kazi nyingi, lakini kwenye kitu kinachozunguka huvutwa na kuuchukua mkono pamoja nazo.

Nini kinazunguka, nini kimesimama

Rudi kwenye ile mashine iliyosimama ikiwekewa mbao. Usifungue kitu bado. Chomeka plagi, iwashe tena, kandamiza kipande cha mbao kwa nguvu ya kawaida, kisha tazama vitu vitatu: sahani, rola ya nyuma na mkanda wa msasa.

Sahani inazunguka kwa kasi ile ile, rola inazunguka, mkanda tu ndio umesimama: mkanda unateleza juu ya rola. Tatizo ni ukazaji au uso wa rola.

Sahani inazunguka, lakini rola ya nyuma imesimama pamoja na mkanda: tatizo liko kati ya mota na rola, yaani mkanda mdogo wa mpira au skrubu ya puli.

Sahani nayo inapungua mwendo na mota inabadilisha sauti: hapo ndipo umeme na mota vinaanza kuhusika. Hata hivyo hakikisha kwanza kwamba hukandamizi kama unayesukuma gari lililokwama. Mota ya wati 370 ni nusu farasi tu. Msasa hukata kwa ncha zake, si kwa uzito wa mwili wako, na mkanda butu ndio unaomfanya fundi akandamize zaidi.

Chomoa tena, kisha tuanze na mkanda unaoteleza. Vuta wenzo wa kukazia uone kama springi inarudisha rola kwa nguvu au inajiburuta. Mara nyingi springi ni nzima, ila reli inayoteleza ndani yake imejaa vumbi lililoshikamana na grisi mpaka limekuwa kama udongo wa mfinyanzi. Safisha kwa brashi na kitambaa chenye spiriti, kisha paka nta kavu badala ya grisi. Grisi kwenye mashine ya vumbi ni mtego: inalikusanya vumbi na kuligeuza kuwa unga wa kusagia chuma.

Halafu tazama uso wa rola ya nyuma. Rola nyingi zimevikwa mpira, na mpira ule ukipata joto la kuteleza unang'aa kama kioo. Pitisha msasa namba 80 kwa mkono, ukizungusha rola taratibu, mpaka mng'ao upotee, kisha futa kwa spiriti. Usitumie petroli. Inaumua mpira, na mvuke wake karibu na swichi ya umeme ni hatari isiyo na sababu.

Kama rola ndiyo inayosimama, fungua kifuniko cha pembeni. Mkanda mdogo ukiwa wa meno, hesabu kwa macho meno yaliyong'oka. Matatu yakiondoka mfululizo, mkanda huo umekwisha. Ukiwa wa umbo la V, ubonyeze katikati kwa kidole gumba: milimita 5 hivi za kuingia zinatosha. Ukikazwa zaidi ya hapo hauongezi nguvu, unaua beringi. Kisha shika puli na ujaribu kuizungusha shafti ikiwa imeshikwa. Ikicheza, skrubu yake ya kubana imelegea. Skrubu hiyo hufunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), na inatakiwa ikalie ile sehemu bapa ya shafti. Ikikazwa kwenye sehemu ya mviringo itashika siku mbili kisha itaachia, na kila ikiachia inachimba shafti. Kwenye baadhi ya puli kuna skrubu mbili ndani ya tundu moja, ya juu ikiifunga ya chini, kwa hiyo ukitoa moja na puli haitoki, chungulia tena kabla hujachukua nyundo.

Mkanda unaokimbilia pembeni

Hili ndilo linalowasumbua watu kuliko yote. Mkanda unawekwa vizuri, mashine inawashwa, na ndani ya sekunde tatu umeshasogea pembeni na kuanza kujikwangua kwenye bodi. Fundi anaikaza skrubu ya kuuelekeza, unakimbilia upande wa pili. Mwisho wake ukingo umechanika na mkanda mpya umetupwa.

Kabla ya kuigusa skrubu, jua kama mwenye kosa ni mkanda au mashine. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Chukua mkanda usio na masharti ya upande (mishale ndani yake ikiwepo inaelekeza mzunguko, na mikanda ya kisasa mingi haina), angalia unakimbilia wapi, tuseme kulia. Zima, chomoa, utoe, ugeuze ili ukingo uliokuwa kulia uwe kushoto, kisha urudishe bila kugusa skrubu. Ukikimbilia kushoto sasa, mkanda wenyewe umeunganishwa vibaya: ukingo mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Ukiendelea kukimbilia kulia, mkanda ni mzima na mashine ndiyo ya kurekebishwa. Kipimo hiki cha dakika mbili kinaokoa mikanda mingi na hasira nyingi.

Mashine ikiwa na kosa, usianze na skrubu hata sasa. Pitisha kucha juu ya rola zote mbili. Vumbi la msonobari lenye utomvu hujibandika upande mmoja wa rola na kutengeneza kijikilima ambacho hukioni, lakini kucha inakisikia. Mkanda unakiona pia: kwa kawaida hupanda kuelekea sehemu nene ya rola, na ndiyo maana rola nyingi zimetengenezwa na tumbo dogo katikati ili mkanda ujikusanye hapo. Kijikilima pembeni kinalishinda tumbo la katikati. Kikwangue kwa kipande cha mbao ngumu, si kwa bisibisi, kisha ufute kwa spiriti.

Baada ya hapo shika rola ya mbele kwa mkono na uitikise. Ikicheza juu na chini, beringi zake zimekwisha au boliti ya mkono wake imelegea, na mkanda hauwezi kunyooka juu ya rola isiyojua inakokaa.

Sasa skrubu. Mashine ikiwa imechomolewa, zungusha mkanda kwa mkono mizunguko kumi na uangalie unaelekea wapi. Geuza skrubu robo mzunguko, zungusha tena kwa mkono. Ukishaona unabaki mahali pamoja, chomeka, washa na uzime papo hapo. Angalia. Washa na uzime tena. Ukiridhika, iache izunguke dakika moja, ukirekebisha kwa sehemu ya nane ya mzunguko na kusubiri kidogo kila mara, kwa sababu mkanda huchukua muda kuitikia. Wanaoharibu mikanda ni wale wanaogeuza mzunguko mzima, wanaona hakuna kitu, wanaongeza mwingine, halafu vyote viwili vinafanya kazi kwa pamoja.

Ukimaliza kazi ya siku, legeza wenzo. Mkanda uliokazwa usiku kucha unajikunja kufuata rola, na springi inachoka bure.

Masika na mikanda ya msasa

Kiungo cha mkanda, pale ncha zake mbili zinapokutana, hushikiliwa na utepe na gundi, na gundi hiyo haipendi joto wala unyevu. Mwanza iko kando ya maji matamu, kwa hiyo chuma hakiliwi na chumvi kama kule pwani, lakini hewa ya Machi hadi Mei inatosha kulainisha kitambaa cha mkanda na kulegeza kiungo. Mkanda uliokaa mwaka mzima chini ya bati la karakana huweza kukatika mara ya kwanza unapowashwa, ukiwa haujasugua hata kipande kimoja.

Weka mikanda ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, si juu ya sakafu ya saruji. Usiitundike kwenye msumari. Inavunjika pale inapokunjwa. Ukitaka kuitundika, kipande cha bomba la inchi 4 kilichofungwa ukutani kinatosha. Kabla ya kuufunga mkanda wa zamani, kunja kiungo taratibu kwa vidole. Utepe ukiinuka ukingoni, utupe.

Ukisikia "ta, ta, ta" ya polepole wakati mashine inazunguka, hicho ni kiungo kinachopita juu ya bamba. Kwenye rola yenye kipenyo cha milimita 50, mkanda wa milimita 914 huzunguka mara moja kwa karibu kila mizunguko sita ya rola, kwa hiyo mlio wa kiungo huwa wa polepole kuliko wa beringi. Mlio unaokwenda mbio na kuunguruma bila kukatika unatoka kwenye rola, na huo tutaufikia.

Mkanda ulioziba si lazima uwe umekwisha. Msonobari unaziba kwa utomvu, mninga kwa unga mwembamba wenye mafuta. Kipande cha mpira wa asili wa krepu, ule unaotumika kwenye soli za viatu, ukiukandamiza juu ya mkanda unaozunguka hung'oa uchafu mwingi. Kandambili za povu hazifai: zinayeyuka na kubaki hapo hapo. Ukiona baada ya kusafisha bado mbao inaungua na kutoa alama za kahawia, ncha za msasa zimekwisha, na hapo mpira hauwezi kusaidia. Kwa kuondoa mbao nyingi tumia namba 60 au 80, kwa kusafisha 120. Namba 180 na kuendelea, kwenye mashine ya kasi namna hii, zinaunguza kuliko zinavyolainisha.

Mvule unahitaji neno lake. Ndani yake hukaa mawe, madini magumu ya chokaa ambayo mti wenyewe umeyatengeneza, na hayaonekani mpaka msasa uyagonge. Ukiona mstari mmoja wa mkanda umepoteza ncha ghafla huku pembeni kukiwa bado kukali, tafuta doa jeupe kwenye mbao. Mbao za mtumbwi wa zamani nazo huficha misumari, pamba ya kuzibia na rangi. Pitisha sumaku kwanza, na rangi ya zamani iondoe kwa kikwangulio, kwa kuwa inaweza kuwa na madini ya risasi ambayo hutaki kuyavuta ndani ya mapafu.

Vumbi

Vumbi la mbao ngumu liko kwenye orodha ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuamsha pumu. Kanga au leso iliyofungwa usoni inazuia chembe kubwa unazoziona. Zile ndogo, ambazo ndizo zinazofika mbali, zinapita. Vaa barakoa ya FFP2, ibane puani, na nyolewa ndevu pale inapokaa kama unataka ifanye kazi kweli.

Mdomo wa kutolea vumbi wa mashine hizi mara nyingi ni wa inchi 2 au 2 na nusu. Bomba la maji la plastiki, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli cha kuunganishia na mashine ya kunyonya vumbi vinatosha. Bila hivyo vumbi linarudi ndani ya mota, kwenye swichi na kwenye beringi. Usiku, ukifanya kazi na taa imewashwa karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wa ziwani huja kwa mawimbi na kujazana kwenye matundu ya kupozea mota. Wafagie asubuhi kabla ya kuwasha.

Kila baada ya saa nane au kumi za kazi, fungua vifuniko na usafishe kwa brashi, kisha nyonya. Ukitumia kompresa, weka mgandamizo mdogo, kama bar 2, na upulize kutoka ndani kwenda nje. Usielekeze hewa kwenye beringi wala ndani ya swichi. Unakuwa unalipeleka vumbi pale pale unapotaka lisiende.

Na cheche. Mwanza kuna visu vingi vya kunoa, vya minofu ya sangara na vya jikoni, na mtu akiwa na mkanda unaozunguka atanoa tu. Chuma kikisuguliwa kinatoa cheche, na cheche zikiingia kwenye mfuko wa vumbi la mbao zinaweza kukaa zikifukuta saa nzima kabla ya moto kuonekana, wakati karakana imeshafungwa. Ondoa mfuko, safisha ndani yote, weka mkanda wa kusugulia chuma, noa ukali ukielekea kule mkanda unakoenda na si kule unakotoka, kisha safisha tena. Alumini na chuma visisuguliwe kwenye mashine moja bila kusafisha katikati. Vumbi la alumini likichanganyika na kutu ya chuma likapata cheche, huwaka kwa joto la kutisha.

Sahani na bamba

Sahani ya milimita 150 ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 22 kwa sekunde, na katikati ya duara hauendi popote. Ndiyo maana mbao inaungua ukingoni na haikatwi katikati. Fanya kazi kwenye upande unaozunguka kushuka kuelekea meza, ambao kwenye mashine nyingi ni wa kushoto, ukisogeza mbao nje na ndani. Upande unaopanda huinua mbao na kuitupa.

Nafasi kati ya meza na sahani isizidi milimita 2. Ikiwa pana zaidi, kipande chembamba hujisokota humo, kidole nacho kikifuata. Ili kujua kama meza iko wima sawasawa na sahani, usiiamini alama ya digrii iliyochorwa. Sugua mwisho wa kipande kimoja, kipasue kwa urefu wake kiwe vipande viwili, geuza kimoja juu chini na uviunganishe kwa ncha zilizosuguliwa juu ya kitu bapa. Mwanga ukipita juu au chini ya kiungo, kosa unaloliona ni mara mbili ya kosa halisi la meza. Rekebisha nusu yake.

Kubandua msasa wa gundi kwenye sahani: ipashe joto kwa draya ya saluni au ifungue uiache juani saa moja mchana, kisha vuta ukingo polepole ukiukunja nyuma yake yenyewe. Gundi iliyobaki futa kwa mafuta ya taa, halafu futa mafuta ya taa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kikavu na safi. Wengi huishia kwenye mafuta ya taa, kisha wanalaumu msasa mpya kwa kubanduka. Ukiubandika mpya, anza ukingo mmoja na uendelee ukisukuma hewa nje kwa chupa iliyolala. Povu moja la hewa linatosha kuuchana.

Bamba la nyuma ya mkanda huchimbika katikati, na mbao zikaanza kutoka na ukingo wa mviringo. Simamisha rula ya chuma juu yake na uangalie mwanga. Likiwa limechimbika, lifungue na ulisugue juu ya msasa namba 120 uliobandikwa kwenye kioo kinene. Ukilirudisha, lijitokeze mbele ya mstari wa rola kwa unene wa kadi, ili mkanda uliegemee.

Beringi

Toa mkanda, zungusha rola kwa mkono. Nzima huzunguka kimya na kusimama taratibu. Iliyochakaa unaisikia kwenye vidole kama mchanga. Soma namba iliyochongwa ubavuni: 6201 ni milimita 12 kwa 32 kwa 10, 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11. Ni zile zile zinazotumika kwenye pikipiki, kwa hiyo duka la spea za bodaboda ndilo la kwanza kwenda. Omba yenye herufi 2RS mwishoni, yenye vifuniko vya mpira pande zote. ZZ ina vifuniko vya bati, na vumbi la msasa linapita pembeni yake. Badilisha zote mbili za rola moja kwa pamoja. Ukiisukuma kwenye shafti, gonga pete ya ndani. Ukiiingiza kwenye nyumba yake, gonga pete ya nje. Ukikosea, mipira inachora mashimo madogo kwenye njia yake na beringi mpya inaanza kelele wiki hiyo hiyo.

Umeme, na mwisho kabisa mota

Mashine haitoi sauti yoyote: angalia fyuzi ya plagi, kisha kitufe cha kujikinga na joto kama ipo, kisha swichi. Fyuzi ya ampea 13 ni kubwa mno kwa mashine ya wati 370. Ya ampea 5 inafaa. Vumbi ndani ya swichi huzuia chuma kugusana, na swichi mpya ni rahisi kuliko kuikwangua ya zamani.

Mashine inanguruma na haizunguki: zima haraka, kwani koili inaungua kwa dakika chache tu. Chomoa, zungusha sahani kwa mkono. Ikikwama, ni beringi au kitu kilichobanwa. Ikizunguka bure, pima umeme kwenye soketi wakati mota inajaribu kuanza. Nguvu ya kusokota ya mota hizi hushuka kwa mraba wa volti: zikishuka kutoka 230 hadi 180, inabaki asilimia 61 hivi. Ekstensheni nayo inachangia. Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye mita 30 una ukinzani wa karibu omu 1.4 kwenda na kurudi. Mota ikivuta ampea 15 ya kuanzia, volti 21 zimeishia njiani. Waya wa 1.5 unapunguza hasara hiyo nusu. Na uukunjue wote. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hujipasha joto.

Volti zikiwa nzuri, angalia kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza. Kwa mota hizi mara nyingi ni ya mikrofaradi 8 hadi 16, volti 450. Chomoa plagi, toa chaji yake kwa kuiunganisha na balbu ya zamani ya nyuzi kupitia waya zenye ganda, kisha pima kwa mita yenye sehemu ya mikrofaradi. Iliyoandikwa 10 ikisoma chini ya 9, ibadilishe kwa namba ile ile. Kubwa zaidi haiongezi nguvu, inaunguza koili ya kuanzia. Mota yenye swichi ya kasi ndani hutoa mlio wa "tak" inapokaribia kusimama. Mlio huo ukipotea, fungua mfuniko wa nyuma usafishe vumbi.

Mashine ya mtumba kutoka Marekani soma kibao chake. Ikiwa ni ya volti 110 na 60 Hz, transfoma itarekebisha volti lakini si Hz, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kwenye 50 Hz itakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita na mota itapata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Ikiwa koili kweli imeungua, na harufu yake huwezi kuikosea, piga picha kibao cha mota kabla ya kuipeleka kusukwa, na mwombe msukaji aandike idadi ya mizunguko ya kila koili na unene wa waya alioukuta. Ikirudi, iwashe kwanza bila mkanda na uangalie sahani inazunguka kwenda wapi. Ikipanda upande ule wa meza ambako ilipaswa kushuka, abadilishe ncha mbili za koili ya kuanzia peke yake. Kugeuza waya za plagi hakubadili chochote.